Mama Hajamaliza Kusema

Mama alipopata kiharusi, maneno yake yalianza kutoka moja moja, na kila moja lilimtoa jasho. Wageni waliokuja kumjulia hali pale kwetu Nguvumali hawakuwa na subira. Mama akisema "ma," mmoja anadakia, "maji!" Mwingine, "mashuka!" Basi mama ananyamaza. Iliniuma sana. Siku moja nikaandika Facebook: jamani, mwacheni mgonjwa amalize neno lake mwenyewe, hata likichukua nusu saa.

Wengi waliitikia vizuri. Kisha akaja bwana mmoja nisiyemjua, hata salamu hakutoa: "Wewe ni daktari? Leta ushahidi."

Mie nimelelewa kwamba mtu akishafika barazani kwako humwachi akakaa peke yake, hata kama kaja kukuudhi. Nikamjibu kama mgeni: "Karibu ndugu yangu, mie si daktari, ni mtoto wa mgonjwa." Lo! Kumbe ndiyo nimemwekea kiti. Akaleta swali la pili, la tatu, la kumi. Nikichelewa kidogo: "Umekimbia? Ukiandika hadharani, ujue na kujibu." Na mie hasira zangu ziko karibu, hilo neno la kukimbia halinipiti kooni. Siku mbili nikawa namjibu, huku namlisha mama uji kwa mkono mmoja.

Asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa kitandani kwa mama, macho kwenye simu. Jirani yetu, bibi mmoja anayekuja kunisaidia kumgeuza, alikuwa mkekani anachagua mchele. Nikasikia, "Ny... ny..."

"Nyanya? Nyama? Haya mama, kunywa maji kwanza." Nikamwekea kikombe mdomoni bila kumtazama. Akanywa. Hakuwa na kiu. Alikunywa kwa kunitii, yeye aliyenizaa.

"Mwanangu," jirani akasema taratibu, "mama yako alikuwa hajamaliza."

Aibu niliyoiona, Mungu ndiye ajuaye. Nikamwomba mama radhi, nikaizima simu na kuisukumia chini ya godoro. Yule bwana na akae na maswali yake. Nilichosema nilikisema, lakini sikumwahidi mtu kwamba nitamhudumia kila apitaye.

Nikasubiri. Mama akajaribu, akakwama, akafumba macho. Nikauma ulimi nisimsaidie. Jirani naye akaacha mchele wake.

"Nywele... zako," alisema hatimaye. Akapumzika. "Njoo... nikusuke."

Siku mbili nilikuwa sijashika kitana, na yeye alikuwa ananitazama tu. Nikashuka sakafuni, nikaegemeza kichwa kwenye kitanda. Mkono wake unaofanya kazi ni mmoja. Alishika fungu dogo la nywele, akalizungusha, likafumuka, akalianza upya. Jirani alinyoosha mkono amsaidie, nikamzuia. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, nalia, na sikumharakisha.