Chipukizi la Mama

Kwetu Masisi, binti akiolewa, mama yake humng'olea chipukizi la mgomba shambani kwake. Sufuria zinaweza kukosekana, chipukizi, hapana. Langu nililipakata kwenye pikipiki mpaka Pinga nilikoolewa, na dereva akanicheka njia nzima.

Mama alipenda utamu. Mgomba ukizaa ndizi zenye ukakasi, aliung'oa bila huruma, na bibi alifanya hivyohivyo kabla yake. Nilijivunia hilo, mjinga mimi.

Mwaka juzi migomba ya Mama ikaanza kunyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimeoza. Nikampelekea machipukizi mazima kutoka kwangu, tukayapanda pamoja siku mbili. Nilipoaga, alinipa panga lake kama shukrani, nami nikapogolea nalo shamba langu lote. Baada ya miezi michache akanipigia simu: yale machipukizi nayo yamekufa. Nikarudi Masisi.

Siku hiyo agronome mmoja, bwana shamba, alipita. Alikata shina, likatoka usaha wa njano.

"Mama, hii yote iko mugomba moja tu," akasema. "Ndizi ya pori iko na mbegu, kila mutoto anazaliwa na nguvu yake. Yenu haina mbegu. Munang'oa, munapanda, munang'oa, munapanda. Ugonjwa ikiweza moja, imeweza yote."

Kisha akauliza, "Na panga? Munaipitisha ku moto?"

"Moto ya nini?" Mama akashangaa.

"Ya kuua ugonjwa. Panga inaibeba toka shina moja mpaka ingine." Nikatoka mbio kutafuta pikipiki ya kurudi kwangu.

Nilipofika Pinga, majani ya migomba yangu yalikuwa yamekwishageuka manjano. Niliikata yote mwenyewe na kuizika, nikilia kwa hasira. Niliuchukia utamu ule, nikamkasirikia hata bibi kaburini. Lakini panga lilikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Nilikuwa bado nashindilia udongo simu ilipolia.

"Migomba yangu ya kwako iko?" Mama akauliza.

"Iko, Mama."

"Aksanti Mungu! Basi mudogo wako anaolewa mwezi wa nane. Mimi sina kitu ya kumupa. Utamuletea moja."

Nikasema nitaleta. Akaanza kunibariki, mimi na nyumba yangu na mikono yangu, nami nimesimama juu ya shimo nilimoizika.