Bilinganya za Asali Stesheni ya Mnyuzi

Harufu ya bilinganya zikiingia kwenye mafuta ya moto hainipi njaa. Hunichosha, kama mtu aliyekumbushwa kazi ambayo hakuimaliza. Mwaka ule mahindi yetu yalikauka pale Mnyuzi kabla hayajabeba, na kilichosalia ni matuta ya bilinganya tuliyoyamwagilia kwa ndoo. Mama alikuwa akifua nguo za Sista Pilar, mtawa mzee wa Kihispania aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Sista alipojua kwamba tunakula bilinganya za kuchemsha asubuhi na jioni, alimfundisha mama pishi la kwao: zikatwe nyembamba, ziloweshwe kwenye maji ya chumvi zitoe uchungu, zipakwe unga wa ngano, zikaangwe mpaka ziwe kavu kwa nje, kisha zimiminiwe asali. Asali mjomba alituletea kutoka Handeni. Mama akabeba karai lake hadi stesheni. Wanakijiji walicheka, tangu lini mboga ikaliwa na asali? Lakini abiria walinyoosha mikono madirishani, na sisi watoto watatu tukaendelea kwenda shule tumeshiba.

Nilikuwa darasa la sita, umri wa kuona haya kwa kila kitu. Siku moja nilipita stesheni na Rukia, binti wa mwalimu mkuu, ambaye urafiki wake niliuona kama cheo. Akamnyooshea kidole mama, aliyeinama kwenye moshi, kanga imejaa unga.

"Yule mama wa bilinganya ni nani wako?"

"Jirani tu," nikasema.

Mama aliinua uso. Alikuwa amesikia. Akachukua vipande viwili, akavimiminia asali, akaja navyo. "Karibu, mwanangu, onja," alimwambia Rukia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa jirani, onja."

Nilikula. Sikumbuki utamu wowote. Nyumbani hakunigombeza, akanipakulia kama kawaida, na sahani ile ikaniunguza kuliko fimbo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa mama ni mzee, naishi naye hapa Chanika. Mwezi uliopita, baada ya miaka yote hii, nilimpigia magoti nikamwomba radhi. "Nilikuwa nachoka sana siku zile, mwanangu," akasema. "Mengi sikuyashika." Hadi leo sijui kama amenisamehe au amenihurumia tu.

Watu huniuliza pishi lile linapatikana wapi. Stesheni hakuna tena anayelikaanga. Labda kwangu, siku nikirudi kazini miguu haijavimba. Nina jiko la gesi na maji ya bomba, na bado sahani moja hunishinda. Yeye alikaanga karai zima kwa kuni, juani, na kipande kimoja kilichoiva vizuri akampa aliyemkana.