Mwalimu Kipeuo Arudi kwa Binti Yake

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kipeuo, maana hesabu za vipeuo alizifundisha kwa raha kama mtu anayesimulia umbea. Jina halikumuudhi. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa akiwakuza watoto wa wenzake, huku wake akilelewa na mama mkwe upande wa pili wa nchi.

Serikali ilimpanga shule hiyo ya mbali mtoto akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, hakuweza kuhamisha karakana wala wateja. Kila mwaka Mwalimu aliomba uhamisho, na kila mwaka aliambiwa walimu wa hesabu ni wachache, avumilie. Binti alipoanza kuongea, alimwita bibi yake mama. Mwalimu alikuwa "mama wa kwenye simu." Ukoo mzima ulicheka. Naye alicheka, kisha akakata simu, akakaa palepale mpaka kengele ya kipindi ikamwinua.

Katiba mpya ilipoletwa, aliipigia kura kwa moyo mmoja. Ilisema shule sasa zitakuwa chini ya mikoa, na kila mkoa utaajiri walimu wake. Akaona njia ya nyumbani imefunguka. Kumbe wapi. Ofisa elimu alikuja, akawaeleza walimu waliobanana katika chumba chao kwamba kila mmoja sasa ni mwajiriwa wa mkoa alimokutwa. Uhamisho wa mkoa kwa mkoa haupo tena. Anayetaka kwenda kwingine aache kazi, akaombe upya huko, aanzie ngazi ya chini.

"Kwa hiyo nimejipigia kura nibaki hapa," Mwalimu Kipeuo alisema taratibu.

Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa akitumia naye meza moja, alimsihi asifanye haraka, sheria changa hurekebishwa. Lakini Jumapili alipopiga simu nyumbani, binti alisema yuko mchezoni, angempigia baadaye. Hakupiga. Muhula ulipofungwa, Mwalimu akaacha kazi.

Nyumbani, mumewe akiwa bado karakana, alimkuta binti mrefu, mwenye adabu za mtu anayepokea mgeni. Alimwamkia, akampokea begi, akarudi kuketi miguuni pa bibi yake amalizie kusukwa. Mwalimu alisimama mlangoni akitazama vidole vya mkwewe vikigawa nywele zile.

"Mpe muda, mwanangu," mama mkwe alisema baadaye jikoni. "Mimi sikukunyang'anya."

"Najua, mama. Bila wewe ningemwacha na nani?"

Ajira ilichelewa. Ilipotoka, ilikuwa ya darasa la kwanza, shule ya jirani, na yeye mkongwe akawekwa kundi moja na vijana waliotoka chuoni juzi. Huko hakuna vipeuo. Walihesabu vizibo vya soda. Mwalimu wa jiografia alimpigia kumsalimu, akamwambia darasa lake la zamani bado halijapata mtu wa hesabu, kwamba mkoa unatafuta. Mwalimu Kipeuo akawaona akilini wanafunzi wale mmoja mmoja, kila mtu kwenye dawati lake.

Kisha bibi akaenda kumuuguza dada yake. Mchana wa pili binti aligoma kula, akajilaza kitandani kwa bibi, uso ukutani. Mwalimu akaketi ukingoni. Hakumgusa.

"Unamtaka bibi?"

"Ndiyo."

"Najua ilivyo. Mimi nilikuwa nakutaka wewe hivyohivyo."

"Sasa utarudi tena huko?"

"Sirudi."

Mtoto hakugeuka, ila alisogea kidogo kumwachia nafasi. Mwalimu akajinyoosha pembeni yake, akanusa mafuta ya nywele, na hakuthubutu hata kukohoa.

Bibi aliporejea, binti alitoka mbio kumlaki, akamning'inia shingoni na kumweleza yote kwa mkupuo. Mwalimu Kipeuo akawafuata mpaka getini, akachukua mzigo wa mkwewe, akatangulia nao ndani kuwaandalia chakula.