Vijiti Vyeupe vya Lubunga

Chama chetu cha historia kina watu watano na kabati moja la bati. Tunakutana kila Jumamosi katika darasa la shule ya msingi hapa Kisangani, tukikalia madawati ambayo magoti yetu hayaingii. Rais wetu ni mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita papa. Mimi ni katibu, maana yake ninabeba vitu.

Kwa miaka mingi papa ameokota vigae vya vyungu vya kale kando ya mto, kwenye mitaro na mashimo ya barabara. Kabati limejaa. Lakini kila anapowaonyesha wasomi, wanamjibu lile lile kwa upole: kigae kilichookotwa njiani hakisemi umri wake. Wanataka chungu kilicholala bado katika udongo wake, hakijaguswa. Papa alikuwa hajapata hata kimoja, na alikuwa anazeeka. Niliogopa atakufa akiitwa mzee wa vigae.

Basi mwaka jana, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mvua ilibomoa ukingo karibu na wafyatua matofali, na mdomo wa chungu ukachungulia. Mdomo mzima, mpana kama sinia, umechorwa mistari. Papa alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Alikuwa analia, nami nikajifanya naangalia mitumbwi.

Tulifuata kanuni zetu zote, na hapo ndipo tulipojipalia makaa. Papa hakubali mtu achimbe kabla ya barua ya ruhusa. Wala hakubali mtu wa nje aambiwe, kwa sababu akisikia kuna kitu cha kale ardhini atadhani ni dhahabu. Kwa hiyo tulipiga picha, tukakifunika chungu kwa udongo, kisha nikapigilia vijiti vinne vya alama nilivyopaka chokaa mwenyewe, nikavizungushia kamba. Wafyatua matofali walitutazama. Tuliwasalimu, wakaitikia, tukaondoka.

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Kesho yake asubuhi tulivuka mto, papa ameishika bahasha kifuani isilowe.

Ukingo haukuwepo. Palikuwa na shimo lenye kina cha kunipita, na ndani yake zimesimama nguzo nne za udongo, kila moja imebeba kijiti changu juu. Kamba ilikuwa bado imefungwa. Walikuwa wamechimba kwa uangalifu pembeni mwa kila kijiti, na katikati wamechota kila kitu.

Mkubwa wa wafyatua alikuja akifuta mikono, mtu mwenye adabu, akamletea papa kiti. Hapa mjini kila mtu anajua vijiti vyeupe na kamba ni kazi ya wapimaji: kiwanja kimeuzwa. Hata mimi nilijua. Nimeishi hapa maisha yangu yote na halikunijia kichwani.

"Tuliona kiwanja imeuzishwa," alieleza. "Bon, tukakimbiza kazi, tutoe udongo yote mbele mwenye kuinunua hajafika. Lakini miti yenu hatukugusa, papa. Hatugusake mupaka ya mutu."

Nilimwuliza kuhusu chungu. Akafikiri. Ndiyo, majembe yalikipata kimoja kikubwa, na ndani yake kulikuwa na vitu vingine, lakini hakutazama sana. Watu walivikanyaga vyote pamoja na udongo. Akanyoosha mkono kwenye tanuri, matofali yamepangwa hadi juu, moto umeshazimika.

"Yote iko humu. Mungetuambia tu, papa, tungeizunguka."

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Tuliwapita watu hawa mara mbili, tukawaogopa kama wezi, na wao walikuwa wamelinda vijiti vyetu. Papa alimshukuru. Alitembea kando ya tanuri akipapasa tofali moja moja, kisha akasimama. Nilikuwa nyuma yake na barua yetu, sijui niiweke wapi.

Mkubwa wa wafyatua alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini ndani ya kile chungu kulikuwa na nini hasa.

Papa akamjibu kwamba hilo ndilo tulilokuwa tumekuja kutazama.