Unga wa Chungu cha Mama Mkubwa

Wageni wakija kutoka Bujumbura kuangalia kazi zangu, swali lao halibadiliki: haya yote unayatoa wapi? Jibu langu liko tayari siku zote. Nawaambia ni ziwa. Nawaonyesha Tanganyika hapo chini, nawaambia rangi hii ni ya maji ya asubuhi na mstari huu ni wimbi. Wanafurahi, wanapiga picha. Uongo mtupu. Ziwa mimi naliangalia kama mtu yeyote wa Rumonge anavyoliangalia, kutaka kujua kama leo ndagala, dagaa wetu, wamepatikana.

Kazi yangu niliipata kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea ukimbizini Tanzania. Yeye alijifunza ufinyanzi huko huko, kwa wanawake wa Kiha waliokuwa majirani wa kambi, akafinyanga vyungu vya kupikia maharagwe mpaka tuliporudi nyumbani. Mimi nilikanda udongo kwa miguu kabla sijajua kusoma. Tuliporudi, watu wa hapa walitushangaa. Mtu mwenye akili zake, ametoka nje, anafinyanga? Hiyo si kazi ya Watwa? Walilitamka jina la Watwa, wafinyanzi wa jadi wa hapa, kama tusi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa badala ya kujibu. Baadaye nikaenda kusoma Bujumbura, nikaambiwa kwamba kumbe ile kazi ni sanaa, na tangu hapo hakuna aliyenishangaa tena. Sasa asubuhi nafundisha kuchora kwenye lise, shule ya sekondari, mchana nafundisha ufinyanzi uani kwangu. Wanafunzi ni wachache, wengi wasichana. Tanuri tunaliwasha kwa maganda ya mbegu za michikichi, maana hapa Rumonge hayo hayana mwenyewe.

Mama mkubwa anaishi kwangu. Macho yake yamekwisha kabisa na vidole vimepinda. Katika vyote alivyofinyanga maishani kilikuwa kimebaki kimoja tu, chungu kidogo alichokichoma siku za mwisho kambini. Vingine tuliwagawia majirani. Hicho alikipakata kwenye lori njia nzima, na tulipokaribia mpaka wa nchi, lori likaruka shimo, mdomo wa chungu ukaingia ufa. Hakikupikiwa tena. Kilikaa kwenye pembe ya baraza, na mara moja moja aliomba akishike. Alipapasa shingo yake, pale alipopanga alama za ukucha wa kidole gumba, zote zimelalia upande mmoja kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto. Kisha alikirudisha. Nilijua anatafuta nini. Haoni, hafinyangi, hatoki, basi alikuwa anahakikisha kwamba aliwahi kuwa fundi.

Asiyefinyanga ajue kitu kimoja. Udongo mtupu hupasuka motoni. Lazima uuchanganye na unga wa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, ukavitwanga na kuvichekecha. Ndiyo maana kwetu chungu kilichopasuka hakitupwi, kinangoja zamu yake ya kuingia kinuni. Mama mkubwa alizoea kusema kwamba chungu hakifi, kinahamia ndani ya kingine.

Kiangazi cha mwaka huu nilikuwa natayarisha maonyesho, unga ukaniishia. Nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka mimi ni mtu mbaya, nasema kwa ukali na sirudii. Nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja, msichana mnyamavu mwenye mikono mizuri kuliko wenzake wote, kwamba kila chungu chenye ufa atakachokiona hapa nyumbani akitwange. Sikusema uani. Nilisema hapa nyumbani. Kisha nikaenda sokoni.

Niliporudi alikuwa anachekecha. Kando ya kinu kilikuwa kimebaki kigae kimoja, na juu yake alama za ukucha, zimelala upande ule ule. Nilikiokota. Yeye akauona uso wangu, akaelewa, akaanza kulia. Mama mkubwa alikuwa ndani amelala. Hapo ndipo ilinipasa nimwamshe, nimwambie nimekosa, ni mdomo wangu uliofanya haya. Angelia, angenikasirikia, pengine asingesema nami mpaka Jumapili, na mambo yangekwisha. Badala yake nilimwinamia yule msichana.

"Hili litabaki kati yangu na wewe," nilimwambia. "Akikuuliza, hujui kitu."

Akafuta machozi, akasema ndiyo, mwalimu.

Ule unga niliuchanganya na udongo, nikaanza kufinyanga chungu kile kile. Alama nilizipiga kwa mkono wa kushoto ili zilale kama zake, na mkono wangu wa kushoto hauna adabu, niliharibu vingi kabla hakijapatikana cha kuridhisha. Nilikichoma, nikakisugua kwa mchanga, nikakipaka masizi. Mwisho nilichukua kisu nikakitia ufa mdomoni. Siku hizo zote akikiomba nilimwambia nimekiweka juu, kuku wasije wakakiangusha. Na kila niliposutwa na nafsi nilijitetea kwamba siongopi sana, kwani unga wake umo humo, na ni yeye mwenyewe aliyesema chungu hakifi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliikuta ndefu kuliko barabara ya Nyanza-Lac, na kila kona nilikuwa na sababu mpya.

Nilimpa akiwa amekaa barazani, baada ya chai. Alipapasa tumbo, akapanda shingoni, akahesabu alama kwa ncha ya kidole, akafika mdomoni penye ufa. Akaupapasa tena ukuta, kutoka juu hadi chini. Nikajua amejua. Na kwa kweli nilitamani ajue, anitukane, nipumzike.

"Kumbe nilikuwa nafinyanga hivi?" alisema. "Nilisahau, mutoto wangu. Nilizani mikono yangu ilikuwa tu ya kawaida."

Kosa langu lilikuwa la kiufundi, na nililiona palepale. Nilikuwa nimeiga alama, nimeiga ufa, lakini ukuta wa chungu niliufinyanga mwembamba na sawasawa, kama nilivyozoeshwa shuleni. Chungu chake cha kweli kilikuwa kizito, kimeinamia upande kidogo, kizuri kwa namna yake ya uzito. Mimi nilikuwa nimempa chungu kizuri kuliko alivyofinyanga yeye, na akakipokea kama chake. Kwa hiyo nilimnyang'anya kile cha kweli mara mbili, kwanza mkononi, kisha hata kichwani mwake.

Alichangamka kama mtu aliyepona homa. Alimwita jirani aje akishike. Alinicheka, akaniambia kufundisha nafundisha, ni vizuri, lakini ufundi kama huu bado sijaufikia, nisivimbe kichwa. Nilimjibu ndiyo, mama. Nilikwenda nyuma ya tanuri nikakaa kwenye gunia la maganda, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote mwenye macho.

Tangu hapo anashuka uani kwenye darasa. Tunamwekea kigoda, wanafunzi wanapokezana kile chungu, naye anawaeleza jinsi ya kuubana ukuta kwa kidole gumba mpaka uwe mwembamba, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja. Anacheka, anakula vizuri, anauliza kesho kuna somo saa ngapi. Kila asubuhi naamka nikiwa nimeamua kumwambia. Kisha mchana namsikia akiimba wimbo wa kanisa huku anatafuta viatu vyake ashuke, nami namsogezea viatu hivyo.

Wiki iliyopita zamu ya kukishika chungu ilimfikia yule msichana. Tangu siku ya kinu alikuwa akikaa nyuma, na mimi sikumsumbua. Mama mkubwa aliupapasa mkono wake, akakichukua kidole chake, akakiweka mdomoni mwa chungu.

"Unasikia huo ufa?" alimuuliza. "Tulikuwa tunakaribia mupaka, lori ikaruka shimo."

Nilikuwa nimesimama karibu na udongo. Niliona kidole cha mtoto wa watu kinapita polepole juu ya mkato wa kisu changu. Nilijua ataangua kilio, na moyoni nilishukuru, nikasema acha litoke kwake kama kwangu halitoki.

"Nausikia, bibi," alisema. "Ni ufa wa zamani kabisa. Hata kingo zake zimeshalainika."

Hayo ya kingo sikumfundisha. Aliyatunga mwenyewe, kwa sauti tulivu, wala hakunitazama. Kisha akampa chungu mwenzake na kurudi kwenye kazi yake.

Mama mkubwa aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"Huyu," alisema, "umemufundisha vizuri."