Floors Kammies na Nyota ya Mke Wangu

Floors Kammies simpendi, na yeye analijua hilo. Watu wa mji wetu wakisikia naeleza habari zake watacheka. Wacheke.

Alizaliwa shamba la Rietkuil, mama yake akiwapikia wenye shamba. Hakuwahi kuwa mtu wa kunyamaza. Alipopata nguvu za kumshika kondoo akawa mnyoaji, na mnyoaji mzuri, hilo silikatai. Kondoo alitoka mikononi mwake mweupe kama yai lililomenywa, bila tone la damu. Ila mdomo. Nilinyoa mbele yake miaka mingi, na kila nikisimama kunyoosha mgongo, atasema, "Mjomba Gawie, huyo kondoo unamnyoa au unamsuka?" Watu wanacheka. Mimi nanyoa.

Lakini mgongo uliovunjika ukawa wake. Alianguka na robota la sufu kutoka juu ya lori, akalala kitandani tangu baridi mpaka joto. Aliyempelekea supu ni mke wangu, Drieka. Kila siku, kwa miguu.

"Nyama ya nani hiyo?" nilimuuliza.

"Ya Mungu," akasema.

Ilikuwa yangu.

Floors aliposimama alikuwa amepinda kama msumari uliopigwa vibaya. Watu wa darubini kubwa ya kutazamia nyota kule mlimani wakamchukua awaoshee vikombe. Walipotupa kompyuta zao kuukuu akaomba moja, na msichana mmoja wa huko akamwekea programu ya anga. Ukiikalia hiyo, unaondoka. Unachagua nyota, unaifuata mpaka ilipo, unaizunguka, unarudi, na kahawa yako bado ya moto. Floors akatundika shuka jeupe ukutani kwenye chumba chake cha nyuma, picha ikatokea pale kubwa. Jumapili baada ya kanisa watu wakaanza kujaa.

Nilikwenda mara moja, kwa sababu Drieka alitaka. Floors alianza na nchi yetu kutoka juu, kahawia tupu, kama ngozi iliyoanikwa. Akabonyeza. Nchi ikawa kiraka, kiraka kikawa doa, halafu dunia nzima ikawa mpira gizani. Bi Fytjie, jirani yetu, alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Floors, punguza mwendo, nimekula mimi."

"Shika benchi, Shangazi. Breki ziko Zohali."

Tukapita kwenye pete za Zohali, katikati ya mawe ya barafu. Drieka alinifinya goti. Tulipotoka nikamwambia ni picha tu ile.

"Hata wewe, nikifumba macho, ni picha tu," akanijibu.

Drieka alifariki kabla ya msimu wa kunyoa. Tukamzika Rietkuil, kwa wazee wake. Kwetu sisi kina Maarman, kaburi hufunikwa mawe meupe ili muhanga, yule mnyama wa kuchimba usiku, asilichimbe, na jiwe la kwanza, la kichwani, huanza kuwekwa na mtoto wa marehemu. Mume haanzi. Mtoto tuliyejaliwa ni mmoja, Sanna. Mawe niliyakusanya mwenyewe nikayapanga kando. Sanna haji. Leo amechoka, kesho ana kazi. Lakini Jumapili nasikia yuko kwa Floors.

Aliyeniambia sababu ni Bi Fytjie, huku anatafuna mkate.

"Kwani hujui? Floors amempa Drieka nyota. Ameandika jina lake kabisa. Sanna anaruka mpaka pale, anakaa. Tumelia sote, we."

Na muhanga alikuwa ameshaanza kukwaruza ubavuni mwa kaburi.

Jumapili ile sikukanyaga kanisani. Nilingoja watu watoke, nikaingia nao kwa Floors. Kwenye shuka palikuwa na nyota nyekundu, kubwa, ya karibu mno, na pembeni yake herufi nyeupe: Drieka Maarman. Sanna alikaa mbele, mkono kwenye kipanya.

"Toa jina la mke wangu," nikasema.

Floors hakugeuka. Mgongo wake haugeuki. "Karibu, Mjomba. Watu wazima husalimia kwanza."

"Toa."

"Nani kakwambia alikuwa wako peke yako? Mimi alinilisha."

"Alikulisha kondoo wangu."

"Basi tutamwandikia na kondoo nyota yake."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaishia njiani.

"Baba, nenda nyumbani," Sanna alisema.

"Mama yako hayumo humo. Yuko Rietkuil, na muhanga anamchimba. Mawe yanakungoja wewe."

"Kule kuna nini? Udongo na upepo. Hapa namfikia."

"Humfikii. Umekaa kwenye kiti cha Floors, basi."

Floors alivuta pumzi. "Ugomvi wa kina Maarman siutaki chumbani kwangu. Unataka litoke? Litoe mwenyewe." Akachukua kipanya kwa Sanna, akaweka mshale juu ya jina, akanisogezea. "Hapo. Kidole kimoja. Hata mnyoaji mzembe anaweza."

Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Jina likaondoka. Nyota ikabaki palepale, nyekundu, haina habari.

Sanna aliinuka akanipita kama nguzo ya uzio. Floors akazima mashine.

"Nje wote," akasema. "Wewe Mjomba, tangulia."

Wiki ile dukani hakuna aliyenisalimia. Bi Fytjie aliponiona alivuka barabara.

Jumamosi nikaenda Rietkuil peke yangu, nizibe shimo la muhanga kwa udongo. Zaidi ya hapo si kazi ya mume. Nikasikia gari. Pikapu ya Floors. Sanna akashuka, Floors akabaki kwenye usukani.

"Sikuja kwa ajili yako," Floors aliniambia dirishani. "Wala usinikaribishe kahawa."

"Sina kahawa."

"Vizuri. Nimemwambia jina naliandika tena akishamaliza hapa. Ukija kulifuta, naliandika tena. Mimi sina kondoo wa kunyoa. Muda ninao."



 Sanna alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe kubwa kuliko yote, akainama, likamshinda. Akajaribu tena. Floors akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, mgongo ukamkumbusha, akaurudisha mguu ndani akitukana. Mimi nilisimama tu.

Jiwe likainuka upande mmoja, likakwama. Ndipo Sanna aliponitazama. Nikashika upande wa pili. Tukalibeba, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka kichwani kwa mama yake. Alianza yeye kulitua, kisha mimi.

"Kushoto kidogo, Baba," akasema.

Nikasogeza.