Parokia ya Bi Edna

Harufu ya kabichi iliyochemshwa kupita kiasi ilipenya ukutani kwetu Harrow, London, kila Jumapili, nasi tukajua Bi Edna, jirani yetu Mzungu, bado mzima. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na Zaire yetu ilikuwa imetoka tu kubadilishwa jina. Mama, mzaliwa wa Kivu, alifanya usafi maofisini alfajiri, kisha akapita kumvalisha yule bibi soksi, mimi nikiwa mkalimani wao. Bi Edna alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, katika kijiji cha nyumba chache ambacho zamani kilijiamulia chenyewe mambo ya barabara na maskini wake. Baadaye serikali ikakiunganisha na kijiji jirani, halafu ikachora mipaka upya na kukitupa mkoa mwingine. “Sisi hatukuhama,” alisema, “mpaka ndio uliotuhama.” Mama alicheka hadi machozi, kumbe hata Wazungu hufanyiana hivyo.

Bi Edna alipozidiwa na ugonjwa alibaki na ombi moja tu: azikwe kwao, kando ya wazazi wake. Hakuwa na mtoto wala ndugu, basi mama akaniambia nipige simu. Halmashauri ya kwanza ilisema kijiji si chao tena. Ya pili ikasema makaburi yale ni ya wakazi tu, naye aliondoka zamani. Akaulize parish yake. Neno hilo mama alilidaka, maana kwetu ni parokia. “Ah, mbona rahisi,” akasema, “parokia iko ya padri. Twende tuone padri.” Tukapanda basi mvuani, mama kajifunga kitenge chake cha Pasaka. Padri alitusikiliza kwa upole, akaeleza kwamba parish ya huko ni serikali ya kijiji, haina misa wala padri, na ya kijiji kile ilishafutwa. Mama alinitazama akidhani nimetafsiri vibaya. Nikarudia maneno yaleyale. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, wahenga walisema, ila hawakusema haki hiyo hudaiwa dirisha gani.

Bi Edna alipofariki, maiti yake ilichomwa hapohapo London. Tulikuwa sisi wawili na mtu wa halmashauri aliyekuwa akitazama saa. Mama, ambaye kwake kuchoma maiti ni adhabu, alilia kwa hasira.

Siku hizi Kiingereza changu hakibabaishwi na ofisi yoyote. Mama amezeeka. Juzi, akimenya viazi, aliniuliza kama nitamrudisha Kivu, nimlaze kando ya mama yake. Kijiji chake kimeshapita mikononi mwa watawala wengi, na wa leo huenda kesho wasiwepo. Nikajibu, “Ndiyo, mama,” na sijui hata nimpigie nani.